Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuelekezewa Barua Unapokuwa Mbali na Nyumbani

Anayesafiri kwa muda mrefu hukumbuka kufunga madirisha, kuzima umeme na kumkabidhi mtu funguo, lakini barua huzisahau mpaka siku anapoambiwa kwamba taarifa yenye tarehe ya mwisho imekaa mlangoni kwake majuma sita bila kufunguliwa. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msafiri, mwanafunzi, mgonjwa anayetibiwa mbali, mtumishi aliyepangiwa kituo kingine kwa miezi kadhaa, na kila mtu ambaye ana nyumba moja lakini kwa sasa anaishi penginepo. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, nami nalirudia kwa makusudi: ombi unalopeleka posta hufaa kwa barua usizozitarajia, lakini zile unazojua kwamba zitakuja, mwarifu mapema mwenye kuziandika.

Kuelekezewa barua maana yake nini hasa?

Ni maagizo unayoipa posta kwamba barua inayoandikwa kwa jina lako na kwa anwani yako ya kawaida isifikishwe huko, bali ipelekwe kwenye anwani nyingine uliyoitaja, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Mtumaji huendelea kuandika anwani ile ile aliyoizoea. Mabadiliko hufanyika ndani ya posta, ambako anwani ya zamani hufunikwa kwa kibandiko chenye anwani mpya au kusahihishwa kwa mkono.

Kubadilisha anwani ni jambo jingine. Anayebadilisha anwani amehama na harudi. Anayeelekezewa barua kwa muda anatarajia kurudi. Fomu za posta mara nyingi huyaweka mambo haya mawili kwenye ukurasa mmoja, yakitenganishwa na alama moja tu ya kutia kalamu, na tofauti yake si ndogo. Nchini Marekani, kwa mfano, anwani ya kudumu hupewa taasisi zinazotuma barua nyingi na zilizopewa leseni ya huduma hiyo, ili zisahihishe orodha zao, ilhali anwani ya muda haipelekwi huko. Ukitia alama mahali pasipo pake, unaweza kurudi nyumbani ukakuta nusu ya watu wanaokuandikia wamekwisha kuamini kwamba umehama moja kwa moja, na kazi ya kuwarekebisha mmoja mmoja itakuchukua miezi.

Nitakuwa mbali kwa majuma mawili au matatu tu. Je, nahitaji kuelekezewa barua?

Kwa kawaida, hapana. Kwa safari fupi, inafaa zaidi kuiomba posta ikuhifadhie barua mpaka urudi, kwa sababu barua inayoelekezwa hutumia siku za ziada njiani na huenda ikafika uliko wakati wewe umekwisha kuondoka. Posta ya Marekani huhifadhi barua kwa siku 3 hadi 30, na kwa kuelekezewa kwa muda hutaka uwe mbali kwa siku 15 angalau. Posta ya Uingereza huhifadhi kwa muda wa hadi siku 100. Nchi nyingine zina vipimo vyake, na zipo zisizotoa huduma hii kabisa. Dirisha la ofisi ya posta iliyo karibu nawe ndilo lenye jibu la hakika.

Uhifadhi una faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: rundo la bahasha mlangoni humwambia kila apitaye kwamba wenyewe hawapo.

Ombi lipelekwe lini?

Majuma mawili kabla ya kuondoka ni muda wa kutosha katika nchi nyingi, na majuma matatu ni bora ikiwa barua zitavuka mpaka. Ombi halianzi kufanya kazi pale unapolitia sahihi. Lazima lithibitishwe, liingizwe kwenye kumbukumbu, kisha lifike kwenye ofisi inayochambua barua za mtaa wako na kwa msambazaji anayezileta. Barua iliyokwisha kuchambuliwa kabla maagizo hayajafika itakuja nyumbani kama kawaida, na hilo si kosa la mtu yeyote.

Aliyekwisha kuondoka bila kuomba asikate tamaa. Posta nyingi sasa hupokea maombi kwa njia ya intaneti, na nyingine humruhusu mtu aliyeandikiwa idhini kuyapeleka kwa niaba yako. Hata hivyo, barua zilizokwisha kufika mlangoni hazitaelekezwa na posta. Hizo zitahitaji mkono wa mtu aliyeko huko.

Nitatakiwa kuonyesha nini?

Kitambulisho chenye picha, uthibitisho kwamba kweli unaishi kwenye anwani unayoiacha, anwani kamili unayokwenda, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Kwa maombi ya intaneti, uthibitisho huweza kufanywa kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au kwa malipo madogo ya kadi ya benki ambayo anwani yake inalingana na ile uliyoijaza.

Baada ya hapo, posta hupeleka barua ya uthibitisho kwenye anwani unayoiacha, na nyingine huipeleka pia kule unakokwenda. Wako wanaoiona barua hiyo kuwa usumbufu. Mimi naiona kuwa ulinzi mkubwa kuliko fomu yenyewe, kwa sababu ndiyo inayompa habari mwenye nyumba iwapo mtu mwingine amejaribu kuzivuta barua zake. Ikiwezekana, usiondoke kabla hujaipokea na kuisoma herufi kwa herufi. Kosa la tarakimu moja katika namba ya nyumba au ya sanduku litapeleka barua zako zote kwa mtu usiyemjua.

Je, barua zote zitanifuata?

Hazitanifuata mimi, hazitakufuata wewe, na hazimfuati mtu yeyote kwa ukamilifu. Swali hili ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza, lakini huulizwa mwisho, baada ya hasara.

Barua za kawaida zilizolipiwa stempu kamili huelekezwa karibu kila mahali penye huduma hii. Matangazo ya biashara, vipeperushi na karatasi zisizo na jina la mpokeaji haziendi popote. Huachwa nyumbani au hutupwa. Magazeti na majarida huwa na masharti yake, na aghalabu huelekezwa kwa muda mfupi kuliko barua, kwa hiyo ni rahisi zaidi kumwandikia mchapishaji mwenyewe akubadilishie anwani kwa miezi utakayokuwa mbali.

Kisha zipo barua ambazo mtumaji mwenyewe amezikataza zisielekezwe. Benki hufanya hivyo kwa kadi mpya na namba zake za siri. Ofisi za serikali hufanya hivyo kwa hundi za mafao na kwa baadhi ya hati. Na katika majimbo kadhaa ya Marekani karatasi za kura zinazotumwa kwa posta haziruhusiwi kuelekezwa. Kwenye bahasha hupigwa maandishi yanayoiagiza posta irudishe barua kwa mtumaji iwapo mwenyewe hapatikani kwenye anwani iliyoandikwa. Nia yake ni njema: benki haitaki kadi yako itangetange. Lakini matokeo yake ni kwamba barua ile ile unayoihitaji kuliko zote ndiyo isiyokufikia, na ombi lako la posta badala ya kuivuta linaisukuma irudi ilikotoka.

Hilo nalisema kwa uchungu wa mtu aliyelipitia. Niliwahi kuwa mbali kwa miezi mitano, nikiwa nimejaza fomu vizuri na kupata uthibitisho wote, nikaridhika. Kadi yangu ya benki ikaisha muda wake katika mwezi wa tatu. Mpya ikatumwa, ikarudishwa, na benki ikaona kwamba mteja hapatikani, ikafunga matumizi ya akaunti mpaka nifike mwenyewe nikiwa na kitambulisho. Nilikuwa ugenini bila fedha kwa siku kumi na moja. Posta haikukosea hata kidogo, wala benki haikuvunja kanuni yake. Kosa lilikuwa langu: simu moja kabla ya safari, au hata kuitazama tarehe iliyochapwa kwenye kadi, ingeniepusha na yote hayo.

Basi, nani hasa niwaarifu mwenyewe?

Chukua bahasha zilizokuja katika miezi 12 iliyopita, au ukizikosa, taarifa za akaunti yako za mwaka mzima, uzipitie moja moja. Mwaka mzima una maana yake, kwa kuwa barua nzito huja mara moja kwa mwaka: taarifa ya kodi, bima inayotaka kuhuishwa, leseni inayokaribia kwisha, ada ya sanduku la posta. Atakayepitia miezi miwili tu atakuta bili za maji na umeme, ambazo hata zikichelewa hurekebishika.

Waarifu benki, mwajiri, bima, mamlaka ya kodi, mfuko wa pensheni, hospitali unakotibiwa, shule ya watoto, na mahakama ikiwa una shauri lolote lililo wazi. Hii ya mwisho ina uzito wa peke yake. Katika nchi nyingi hati ya mahakama iliyopelekwa kwenye anwani iliyosajiliwa huhesabiwa kuwa imekufikia hata kama hukuiona, na siku za kujibu huanza kuhesabika. Kusema baadaye kwamba ulikuwa safarini si utetezi ambao hakimu analazimika kuukubali.

Wengi wa hao watakuuliza kama unataka taarifa zije kwa barua pepe. Kwa bili na taarifa za kila mwezi, kubali. Kwa hati zinazohitaji karatasi yenyewe, kama vile vyeti, hundi na kadi, waombe wazizuie mpaka urudi au wakuambie tawi ambako utazichukua.

Vifurushi je?

Maagizo uliyoipa posta yanaifunga posta peke yake. Kampuni binafsi za usafirishaji kama vile DHL, FedEx na UPS hazisomi kumbukumbu za posta, na kifurushi chao kitapelekwa kwenye anwani iliyoandikwa juu yake. Nyingi kati ya kampuni hizo zina utaratibu wao wa kubadilisha mahali pa kufikishia mzigo, ambao hufanywa kwa namba ya ufuatiliaji baada ya mzigo kutumwa, iwapo mtumaji hakuzuia jambo hilo.

Vifurushi vya posta yenyewe huelekezwa katika baadhi ya nchi, wakati mwingine kwa malipo anayodaiwa mpokeaji, na katika nchi nyingine haviingii kabisa kwenye huduma hii. Njia iliyo salama ni kuingia kwenye kila duka la intaneti unalonunua na kubadilisha anwani uliyoihifadhi humo, kwa kuwa anwani ya zamani hukaa pale kimya na hujijaza yenyewe siku unapoagiza kwa haraka.

Barua ya rejista itanifikia?

Mara nyingi hufika, lakini kwa mwendo wake. Barua ya rejista hutakiwa kukabidhiwa kwa sahihi. Ikielekezwa, itakabidhiwa kwa sahihi kule kule unakokaa, nawe utatakiwa uwepo au uende kuichukua ndani ya siku chache zilizotajwa kwenye taarifa uliyoachiwa. Siku hizo zikipita, hurudi kwa mtumaji. Mwenyeji wako aelezwe kwamba kikaratasi hicho kidogo kisichanganywe na matangazo.

Ukiwa na namba ya barua, unaweza kuifuatilia mwenyewe. Kwa barua za rejista za kimataifa, namba hiyo ina herufi na tarakimu 13: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ilikotoka. Utaratibu huo umewekwa na Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoanzishwa mjini Bern, Uswisi, mwaka 1874, na ndiyo sababu namba iliyotolewa na posta ya nchi moja huweza kusomwa na posta ya nchi nyingine.

Mimi nasafiri, lakini familia yangu inabaki. Je, barua zao zitaondoka pamoja na zangu?

Zinaweza kuondoka, usipoangalia. Fomu nyingi huuliza kama ombi ni la mtu mmoja au la nyumba nzima. Ukichagua nyumba nzima, kila barua yenye jina la ukoo lililotajwa itakufuata, na mwenzi wako aliyebaki ataanza kushangaa kwa nini haandikiwi tena. Chagua mtu mmoja, na uandike majina yako yote kama yanavyotokea kwenye bahasha, pamoja na yale ya ufupisho na lile la kabla ya ndoa ikiwa bado linatumika.

Tatizo hubaki pale ambapo baba na mwana, au mama na binti, wana jina moja. Msambazaji hana njia ya kujua barua ya “A.” ni ya nani kati yenu. Katika hali hiyo mimi hushauri ombi la posta liachwe kabisa, na anayebaki nyumbani azitenge barua na kuzituma upya mwenyewe.

Napokea barua kwenye sanduku la posta, si mlangoni. Nifanye nini?

Una nafuu, kwa sababu barua zako tayari zinakaa mahali penye kufuli. Ikiwa sanduku ni lako mwenyewe, barua zinaweza kusubiri, ingawa sanduku dogo hujaa, na barua zinazozidi hushikwa nyuma ya dirisha au, zikikaa sana, hurudishwa. Mwombe karani aandike kwamba hupo hadi tarehe fulani, au mkabidhi mtu unayemwamini ufunguo. Kabla ya yote, angalia tarehe ya ada ya mwaka. Sanduku ambalo halijalipiwa hufungwa, na linaweza kupewa mteja mwingine huku barua zako zikiendelea kuja.

Ikiwa unatumia sanduku la mwajiri, la shule au la nyumba ya ibada, ujue kwamba kwa posta wewe si mwenye sanduku hilo, na kwa kawaida huwezi kuomba chochote juu yake. Zungumza na mtu anayechambua barua pale ofisini. Jina lake, na ahadi yake kwamba atazitenga barua zako kwenye bahasha moja kubwa kila mwisho wa mwezi, vina thamani kuliko fomu yoyote.

Naweza kumwachia ndugu au jirani kazi hii?

Ndiyo, na kwa watu wengi hii ndiyo njia bora, maadamu mmeelewana waziwazi. Msemo wa “nitakuangalizia barua zako” hautoshi. Kubalianeni ni siku gani atazikusanya, zipi atakutumia na zipi ataziacha, nani analipia stempu, na je, ana ruhusa ya kufungua. Katika nchi nyingi kufungua barua ya mtu mwingine bila idhini yake ni kosa la jinai, hata kama nia ni njema, kwa hiyo mwandikie idhini kwenye karatasi, uitie sahihi na tarehe, na ubaki na nakala. Mwachie bahasha kadhaa zilizokwisha kuandikwa anwani yako mpya na kubandikwa stempu. Mtu mwenye shughuli nyingi huahirisha kazi kwa kukosa bahasha tu.

Barua moja moja inaweza kuelekezwa kwa mkono. Apige mstari mmoja juu ya anwani ya zamani bila kulifuta jina, aandike anwani mpya pembeni kwa herufi kubwa, asiguse stempu wala muhuri, kisha airudishe posta ikiwa haijafunguliwa. Iliyofunguliwa huhesabiwa kuwa barua mpya na hulipiwa upya. Ikiwa chini ya bahasha pana mistari ya kusomwa na mashine, aulize posta kama aikate kwa kalamu, kwa sababu mashine husoma mistari hiyo kabla ya kusoma mwandiko, na barua inaweza kurudi mlangoni kwake mara tatu mfululizo.

Siku hizi, picha ya simu humaliza mengi. Mwombe akupigie picha ya nje ya kila bahasha, wewe uamue ipi ifunguliwe na ipi isubiri. Barua yenye namba za siri au taarifa za matibabu isipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la familia.

Nikiwa nchi ya nje?

Uliza kwanza kama posta yako inaelekeza barua nje ya mipaka. Baadhi hufanya hivyo kwa malipo ya juu zaidi, nyingine hazifanyi. Zinapokubali, hesabu muda kwa ukarimu, kwa kuwa barua husafiri mara mbili: kwanza hadi kituo kinachoielekeza, kisha hadi uliko. Chochote chenye bidhaa ndani kitapita forodha ya nchi unakokaa, na wewe mpokeaji unaweza kudaiwa ushuru juu ya zawadi au nguo zako mwenyewe. Kwa hiyo kifurushi kisicho cha lazima kibaki nyumbani.

Andika anwani ya ugenini kwa utaratibu wa nchi hiyo, si wa kwenu, na jina la nchi liwe mstari wa mwisho peke yake, kwa lugha ambayo posta inayotuma inaielewa.

Sitakuwa mahali pamoja. Nitahama kila baada ya majuma machache. Kuna njia?

Ipo njia ya zamani ambayo bado inafanya kazi katika nchi nyingi. Mtumaji huandika jina lako, kisha maneno ya Kifaransa “Poste Restante”, jina la ofisi ya posta na la mji, na barua hukusubiri dirishani uje na kitambulisho. Ofisi haisubiri milele: Marekani, kwa mfano, barua za namna hiyo hukaa kwa siku zisizozidi 30. Jina la kwenye bahasha lilingane na la kwenye pasipoti, na ukifika ukaambiwa hakuna kitu, mwombe karani kwa heshima atazame pia chini ya herufi ya jina lako la kwanza, maana majina ya kigeni huwekwa vibaya mara nyingi.

Njia ya pili ni kampuni zinazopokea barua kwa niaba yako, kuziskani na kukuonyesha kwenye tovuti. Hufaa kwa anayehamahama mwaka mzima. Lakini fikiria unachokitoa: mgeni atafungua barua zako za benki. Soma mkataba, uone ni nani anayeruhusiwa kufungua, karatasi huharibiwa baada ya muda gani, na nini hutokea kwa barua zako kampuni ikifungwa. Ambaye hawezi kukujibu hilo kwa maandishi usimpe anwani yako.

Mzazi wangu mgonjwa amehamia kwangu kwa muda. Naweza kuomba kwa niaba yake?

Ikiwa ana uwezo wa kuelewa na kutia sahihi, ombi liwe lake, hata kama kalamu inashikwa na wewe. Mweleze taratibu, mwonyeshe fomu, na umuulize. Barua ni miongoni mwa mambo machache ambayo mtu mzima aliyeugua bado anaweza kuyaita yake, na kuona bahasha yenye jina lake ikipokelewa na mwingine humuumiza zaidi kuliko tunavyodhani. Ikiwa hawezi tena, posta itataka hati ya uwakilishi iliyotambuliwa kisheria. Undugu peke yake hautoshi, na ni vyema kwamba hautoshi.

Mtu anaweza kuelekeza barua zangu bila ruhusa yangu?

Inatokea. Tapeli hujaza fomu kwa jina la mtu mwingine, barua za benki zinaanza kumfikia yeye, naye anazitumia kufungua mikopo au kuomba kadi. Ishara ya kwanza ni ukimya. Ikiwa barua ulizozizoea zimekoma kwa siku nyingi bila sababu, au umepata uthibitisho wa ombi ambalo hukulipeleka, nenda posta siku hiyo hiyo ukiwa na kitambulisho, uombe maagizo yafutwe na uandikiwe taarifa. Kisha waarifu benki na polisi. Usingoje kuona hasara kwanza, kwa sababu kwa kawaida huonekana miezi kadhaa baada ya kutokea.

Nitajuaje kwamba maagizo yanafanya kazi?

Jitumie barua. Siku ya pili baada ya tarehe ya kuanza, mwombe mtu aweke karatasi tupu ndani ya bahasha, aandike jina lako na anwani ya nyumbani, aitie stempu na kuiposti. Ikikufikia uliko, umepata jibu, na umejua pia inachukua siku ngapi. Ikifika nyumbani, piga simu posta ukiwa na namba ya ombi lako. Gharama yake ni stempu moja, nami sijui kipimo kingine kilicho rahisi na cha uhakika kama hicho.

Nikichelewa kurudi, au nikirudi mapema?

Ukichelewa, ongeza muda kabla haujaisha, kwa sababu ombi lililokwisha huhitaji kuanzishwa upya pamoja na uthibitisho wake wote. Kila nchi ina kikomo: Marekani, ombi la muda hutolewa kwa miezi 6 na huweza kurefushwa hadi mwaka mmoja, Uingereza, huduma huchukuliwa kwa miezi 3, 6 au 12 na kuhuishwa hadi miaka minne.

Ukirudi mapema, futa ombi kwa maandishi. Usidhani kwamba msambazaji akikuona mlangoni ataelewa. Yeye hufuata maagizo aliyopewa, na barua huondolewa kwenye njia ya nyumbani kabla hazijamfikia. Kwa vyovyote vile, kwa majuma mawili au matatu baada ya kufuta, bado bahasha moja moja itakwenda kule ulikokuwa. Kabla ya kuaga, mwachie mwenyeji wako bahasha tatu zenye anwani ya nyumbani na stempu, na namba ya simu utakayokuwa ukiitumia.